Unga wa Vifaranga wa Spéciose

Jua lilikuwa linazama Massoudi alipotoka kwenda kufunga maji ya bwawa lake la samaki pale Kajaga, nje kidogo ya Bujumbura. Amri ya kutotoka nje ilikuwa karibu kuanza, na upande wa Rukoko bunduki zilishasikika mara mbili. Kazi ya dakika tano tu. Lakini macho yake, jamani, hayakuwa na adabu. Yalivuka uzio wa matete yakatua kwenye bwawa la jirani.

Jirani ni Spéciose, mjane. Vita vilimchukulia mume na binti. Na samaki wake? Kila tilapia kama sahani! Wa Massoudi, wa umri uleule, walikuwa kama kidole gumba. Roho ilimuuma hadi chakula kikamshinda.

Siri aliijua. Agronomu, yaani bwana shamba, alimletea mjane dawa ya homoni. Spéciose aliiyeyusha katika pombe kali, akaichanganya na pumba za mchele na ndagala, dagaa wa ziwani, zilizosagwa, akaanika kivulini mpaka harufu ya pombe ikaisha. Vifaranga wa samaki wakila unga huo siku ishirini na nane, wote huwa madume. Hawapotezi nguvu kwa mayai, wanakua tu. Ndivyo alivyoeleza agronomu. Sasa mbona mjane alinong'ona akiwalisha? Mbona aliwaita wote kwa jina moja, la binti yake?

"Bella... kula, mama... Bella..."

Wiki tatu nyuma, Spéciose alipokwenda kanisani, Massoudi aliruka uzio akajaza unga huo kwenye kopo tupu la maziwa. Mla cha mwenziwe na chake huliwa, lakini nani husikiliza wahenga akishikwa na kijicho? Alilificha kopo jikoni, nyuma ya mkaa, na kila jioni akatupa kiganja kimoja bwawani. Samaki wake hawakukua hata kidogo. Hakujua kwamba dawa ile ni ya vifaranga waliototolewa juzi, si ya samaki wa miezi.

Na kopo lilikuwa linapungua kuliko alivyochota.

Jioni hiyo alipoinama kufunga maji, alisikia kitu.

Chwa... chwa...

Binti yake Tahani, wa miaka minne, alikuwa amechuchumaa peke yake kwenye uzio. Gauni la Idi, lililomfika miguuni mwezi uliopita, sasa liliishia juu ya magoti. Ng'ambo, samaki wote wa Spéciose walikuwa wamejipanga ukingoni, midomo juu. Wanafungua, wanafumba.

Tahani naye alifungua, akafumba.

Baba alimwita. Hakugeuka. Alipombeba, alikuwa mzito, na pumzi yake ilinuka ndagala.

Jikoni, Nura mkewe alikuwa anakoroga uji. Kopo lilikuwa wazi pembeni. Alieleza bila wasiwasi kwamba amelikuta nyuma ya mkaa, akashukuru mumewe amenunua unga wa ndagala. Mama gani wa Bujumbura hatii kijiko katika uji wa mtoto ili akue? Asubuhi na jioni, wiki tatu. Tena alijisifu kwamba majirani wanamwonea wivu.

Massoudi alilinyakua kopo. Alikwenda kwa Spéciose akakiri yote, akaomba dawa ya kuondoa dawa. Mjane hakukasirika. Alikuwa anamtazama Tahani, aliyekwisha kurudi kwenye uzio, kupitia matete, kwa macho ambayo Massoudi aliyafahamu vizuri, maana yalikuwa kama yake mwenyewe.

"We ulitamani samaki yangu," alinong'ona. "Mi, tangu mulihamia hapa, natamani mutoto yako. Kila siku, Massoudi."

"Spéciose, nakuomba..."

"Amekula siku makumi mbili na moja. Imebaki saba."

Walipompeleka mtoto zahanati, muuguzi aliwacheka: unga hauwezi kumrefusha mtoto hivyo, huo ni umri tu. Massoudi alitaka sana kumwamini. Alizika kopo, akafunga jikoni kwa kufuli, akalala mlangoni. Lakini kila asubuhi pumzi ya mtoto ilinuka ndagala mbichi.

Jioni ya saba, Nura alimwita binti yake aje kuoga.

"Tahani!"

Mtoto alikuwa amekaa kizingitini, mgongo kwao.

"Tahani..."

Kisha, ng'ambo ya matete, sauti ndogo.

"Bella... njoo kula, mama."

Nyumbani kwa Massoudi hawakuwahi kusema Kirundi. Hata neno moja hawakumfundisha. Lakini mtoto alisimama, akaitika kama wanavyoitika watoto wa Warundi waliolelewa vizuri wanapoitwa na mama yao, kwa sauti ambayo baba yake hakuijua.

"Karame, mama."

Akaanza kutembea kuelekea kwenye uzio.