Chupa Iliyotoka Chumba cha Panya

Kila asubuhi mtunza panya alianza kazi ya maabara kwa kubadilisha maranda kwenye vizimba. Asubuhi hiyo aliingia amefura kwa hasira. Nyumbani, kidonda cha mguu wa mama yake kilikuwa kinanuka. Vidonge havikusaidia, na hospitali walishaanza kuzungumzia kuukata mguu.

Na huku panya walikuwa wanapona!

Wiki iliyopita panya wote walikuwa na vidonda. Kizimba chenye kibandiko chekundu kilipewa faji, yaani virusi wadogo mno wanaoua bakteria. Kizimba cha buluu kilipewa maji ya chumvi tu, ili tofauti ionekane. Leo panya wa kizimba chekundu walikuwa wanakimbizana. Wa buluu walikuwa wamejikunyata, na wawili walikuwa wamekufa.

Mtunza panya hakufikiri mara mbili. Alichukua chupa ya faji kwenye friji, akaitia mfukoni.

"Irudishe," alisema daktari mtafiti, amesimama mlangoni.

"Sirudishi! Panya wanatibiwa, mama yangu anaoza mguu! Haki iko wapi?"

"Hata mimi nina hasira, dada. Umpake mama kitu ambacho bado sijui kama kitamdhuru? Ndiyo maana tunaanza na panya."

"Si wamepona?"

"Wamepona bakteria wao. Faji anachagua. Huyu anaua aina moja tu. Mpeleke mama hospitali wachukue usaha, watuletee tuupime."

Alirudisha chupa, lakini kwa kuibamiza.

Baada ya siku tatu daktari alimwonyesha visahani viwili vilivyotandwa na bakteria. Katika kisahani cha bakteria wa panya, tone la faji lilikuwa limeacha duara safi. Katika kisahani cha bakteria wa kidonda cha mama, tone la faji yule yule halikufanya kitu.

"Hata kidogo?" aliuliza mtunza panya.

"Hata chembe. Ungempaka bure, huku mguu unaharibika. Sasa tazama hiki."

Katika kisahani cha tatu, chenye bakteria hao hao wa mama, palikuwa na vikaratasi sita, kila kimoja na antibiotiki yake. Vitano vilizingirwa na bakteria. Kimoja tu kilikuwa na duara safi.

"Hii ndiyo dawa yake. Vile vidonge vya kwanza alivimaliza?"

Mtunza panya alichukua mkoba wake. Alijua jibu.

Alipofika nyumbani alimkabili mdogo wake, ambaye ndiye aliyekuwa akimpa mama dawa. "Vidonge vya mama viko wapi?"

"Kabatini. Kidonda kilikauka, dada, nikaviweka akiba."

"Akiba ya nini? Ya kumzika? Kilikauka juu! Bakteria waliobaki ndani ndio wagumu, wakazaana!"

Mdogo wake aliinamisha kichwa. Hasira haikumwisha dada mtu, maana yeye mwenyewe alikuwa akiviona kabatini kila siku na hakuuliza.

Hospitali ilimpa mama dawa mpya ya siku kumi na nne. Siku ya tisa kidonda kilikuwa kikavu. Mdogo mtu alikitazama, akasema, "Naona sasa..."

"Thubutu!" Mama alifoka kabla dada mtu hajafungua mdomo. "Mguu wangu au wako? Lete kidonge!"

Alimeza mbele yao, akameza kila siku mpaka cha mwisho. Kesho yake alikwenda sokoni kwa miguu yake yote miwili.