Kanda ya Mama Haikuanguka Yenyewe

Nyumbani kwa kina Violet, pale Tunduma, vyombo vilikuwa na tabia ya ajabu. Kikombe kilivunjika. Sukari ilimwagika. Ndoo ilipasuka, na maharage yaliungua jikoni. Ukiwasikiliza watoto wa nyumba ile ungedhani vitu vyao vina miguu na akili, maana hakuna siku hata moja mtu alipokiri kwamba yeye ndiye aliyevunja au aliyemwaga. Shangazi Ketrina, dada wa baba yao, alikuwa akiwalea Violet na mdogo wake Ipyana tangu mama yao alipofariki. Kila alipokuta vipande sakafuni aliuliza swali lile lile, mikono kiunoni.

"Kimevunjika, au umekivunja?"

"Kimevunjika, shangazi," Violet alijibu, na Ipyana akaitikia kwa kichwa kama shahidi. Shangazi alijikaza asicheke, akashindwa. Vipande vikafagiliwa, mambo yakaishia hapo.

Jumamosi moja Violet aliamka mapema kuliko kawaida. Alifagia uwanja, akamwogesha Ipyana, akapika uji, huku malori yaliyosubiri kuvuka mpaka yakinguruma barabarani. Siku hiyo shangazi alikuwa amemwahidi kwenda naye kazini, kwenye kituo cha redio. Huko ndiko mama yao, Fides, alikokuwa akitangaza kipindi cha kina mama.

Mama Fides alianza kipindi chake kwa salamu moja tu, ya pande zote mbili za mpaka, Kibemba kwanza kisha Kiswahili. "Mulishani bamayo, hamjambo kina mama." Wanawake waliouza mahindi Tunduma na wale wa ng'ambo, Nakonde nchini Zambia, waliacha kupima debe wakamsikiliza. Mama huyo alifariki Ipyana akiwa bado ananyonya. Mtoto huyo hakuwa na kumbukumbu yoyote ya sauti ya mama yake. Violet alikuwa nayo, lakini ilikuwa ikififia. Maneno ya mama aliyakumbuka yote, ila sauti yenyewe ilimtoka kidogo kidogo, na jambo hilo lilimuumiza sana, asiweze kumwambia mtu.

Sauti hiyo ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye kanda moja katika chumba cha kumbukumbu cha redio. Shangazi alikuwa ameahidi kuitoa humo siku hiyo na kuileta nyumbani kwenye simu yake.

"Msisahau kuja na mama," Ipyana, aliyebaki na jirani, aliwaambia walipokuwa wakitoka. Alikuwa amekwisha kuvuta kigoda chake hadi kwenye meza ya sebuleni, tayari kusikiliza.

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa kidogo na chenye baridi ya mashine. Katikati lilisimama kabati la chuma lenye mlango wa kioo. Ndani yake kulikuwa na matundu mengi, na kila tundu lilitosha kanda moja, kitu cheusi cha plastiki chenye ukubwa wa kutosha kiganja. Mbele ya matundu hayo ulining'inia mkono wa chuma uliopanda na kushuka wenyewe. Uliichomoa kanda iliyotakiwa, ukaipeleka kwenye kisomeo, sehemu ya mashine inayousoma utepe, kisha ukairudisha mahali pake.

"Kanda hizi ni za zamani, na kila moja iko peke yake, haina nakala," shangazi alieleza akinawa mikono. "Tunazipakia humu ili mashine izisome, itutengenezee nakala. Kazi yako ni kunisaidia kuzipanga. Kibandiko cha mistari kitazame nje, maana mkono unakisoma hicho. Umenielewa, mama?"

"Nimekuelewa, shangazi."

"Na moja zaidi, hili ni kubwa kuliko yote. Kanda ikikuponyoka, usiiweke kwenye tundu. Nipe mimi mkononi." Aliigeuza kanda moja, akamwonyesha kijino kidogo kilichokuwa kwenye ncha ya utepe, ndani ya kifuniko. "Mashine inaushika utepe hapa ndipo inauvuta. Kanda ikianguka, kijino hiki kinaweza kukaa upande. Kwa nje huoni kitu. Lakini mashine ikivuta, utepe unakunjamana na kukatika. Nikijua mapema nakirudisha kwa kibano, basi, imepona."

Walifanya kazi vizuri. Kisha Bwana Shadrack, mkuu wa kituo, akamwita shangazi nje kwenye jenereta. Violet alibaki na kanda mbili za mwisho. Moja ilikuwa na sauti za wazee wa Ikinga, kule Ileje, wakisimulia kwa Kindali habari za ukoo wao. Nyingine iliandikwa jina la Fides.

Aliishika ya mama kwa mkono mmoja, akaiweka sikioni. Alijua fika kwamba haitasema kitu, lakini aliisikiliza hivyo hivyo. Ile ya wazee alikuwa ameibana kwapani. Akasahau. Mkono ulipolegea, kanda ya wazee iliteleza. Alipojaribu kuidaka, zote mbili zikaenda chini na kugonga sakafu ya vigae.

Aliziokota, akazigeuza huku na huku. Hazikuwa na ufa, wala hata mkwaruzo. Maneno ya shangazi aliyakumbuka vizuri, neno kwa neno. Ila alifikiri kwamba akisema, shangazi hatamleta tena hapa, na pengine sauti ya mama haitatoka leo. Alizifuta kwa sketi yake, akazisukuma kwenye matundu, kibandiko kikitazama nje kama alivyoagizwa.

"Ziko sawa zote?" shangazi aliuliza aliporudi.

"Ziko sawa, shangazi."

Shangazi alifunga mlango wa kioo. "Haya. Kwa ajili yako tutaanza na ya mama," alisema akibonyeza kompyuta, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo Violet hakuweza kuitazama.

Mkono ulishuka, ukaichomoa kanda, ukaiingiza kwenye kisomeo. Ukapita muda mfupi wa kimya. Halafu ikasikika sauti ya kukwaruza, kama kijiko kwenye sufuria tupu, na taa nyekundu ikawaka.

Shangazi alizima, akafungua, akavuta polepole. Utepe ulitoka umekunjamana, kipande baada ya kipande, mwembamba na mweusi, ukamjaa mapajani.

"Imekatika," alisema mwishowe. Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Wifi yangu jamani. Ni mimi. Nilizitunza vibaya. Kile chumba cha zamani nilimozihifadhi kilikuwa na joto, nilipaswa kuzihamisha mapema. Ni mimi nimeiua."

Violet alisimama pale. Alilia, na kila mtu aliyemwona angedhani analia kwa msiba tu. Bwana Shadrack aliingia, akamshika shangazi bega, akampa pole, kisha akampa Violet pole. Pole ile ilimchoma kuliko kiboko. Hakuna aliyemshuku. Angeweza kunyamaza, na yangeishia hapo, kama vikombe vya nyumbani.

"Basi, mama Ketrina, mashine iendelee na nyingine," Bwana Shadrack alisema kwa upole. Shangazi aliutoa utepe wote, akakikagua kisomeo, akabonyeza kompyuta. Mkono wa chuma ukaanza kushuka tena, ukapita tundu baada ya tundu, ukielekea kwenye kanda ya wazee wa Ikinga. Wengi wa wazee hao walikwisha kuzikwa. Violet aliwaza kwamba nao wana wajukuu, na huenda mmoja wao ameweka kigoda mahali anasubiri.

"Shangazi, isimamishe," alisema. "Ile imeanguka."

Shangazi alibonyeza, mkono ukasimama. Akageuka. Safari hii hakushika kiuno, na sauti yake ilikuwa ya chini.

"Imeanguka?"

Violet alifungua mdomo, neno likagoma kutoka. Lilikuwa neno dogo, lakini hakuwa amewahi kulitumia maishani mwake.

"Nimeiangusha," alisema. "Na ya mama pia. Niliziangusha zote mbili, nikaziweka, nikakudanganya kwamba ziko sawa. Si wewe, shangazi. Ni mimi."

Shangazi aliichomoa kanda ya wazee. Aliimulika kwa tochi. Kijino kilikuwa kimelala upande, kama walivyohofia. Akachukua kibano, akakiinua taratibu, kikakaa mahali pake. Jioni kabla ya kufunga kituo sauti za wazee wa Ikinga zilijaa chumba kile, wakikohoa, wakitaniana, wakitaja majina ya baba zao. Kumbe kuiponya kanda ilikuwa kazi fupi kiasi kile. Violet alipoelewa hivyo alilia upya, kwa uchungu mkubwa kuliko mwanzo.

Vipande vya kanda ya mama vilipelekwa kwa mafundi Dar es Salaam. Walijibu kwamba hakuna wanachoweza kukisoma.

Lakini jioni ile ya Jumamosi hawakuwa wamejua hilo. Walijua tu kwamba wanarudi mikono mitupu. Ipyana alikuwa pale pale kwenye kigoda chake.

"Mmekuja naye?"

Shangazi alitaka kujibu, Violet akamshika mkono. Alipiga magoti mbele ya mdogo wake.

"Hatukuja naye. Kanda yake niliiangusha, sikusema, ikakatika."

Ipyana hakulia. Alifikiri kidogo. "Alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anasema, 'Mulishani bamayo, hamjambo kina mama.'"

Uso wa mtoto ukang'aa. "Hiyo ndiyo sauti yake?"

Ingekuwa rahisi sana kusema ndiyo. Ipyana angefurahi, na hakuna ambaye angemkatalia.

"Hapana, Ipyana. Hii ni sauti yangu. Ya mama haipo."

Hapo ndipo Ipyana alipolia, na Violet akamkumbatia wakalia pamoja. Shangazi Ketrina akaketi sakafuni kando yao, akawavuta wote wawili.

"Violet, nisikilize mwanangu," alisema. "Kuangusha si dhambi. Hata mimi nimewahi kuangusha kanda, na mkubwa wangu aliyenifundisha kazi aliwahi pia. Tuliziponya kwa sababu tulisema. Mama yako hatukumpoteza pale kanda ilipogonga chini. Tulimpoteza uliponiambia ziko sawa. Na mimi nina sehemu yangu, maana nilikuwa nacheka mlipovunja vikombe. Kuanzia leo humu ndani hakuna kitu kinachovunjika chenyewe. Mwenye kuvunja atasema amevunja, na akisema mapema tutashika kibano tutengeneze."

Kesho yake asubuhi, Violet na shangazi wakinywa chai, kulisikika mlio jikoni. Ipyana akatokea mlangoni, ameshika mkono wa kikombe peke yake, macho yamemtoka.

"Shangazi," alisema, "nimekivunja."

Shangazi alikwenda kuchukua ufagio. Safari hii hakucheka, na Violet alimfuata kumsaidia kuokota vipande.