Jini Lililolishwa Chumvi

Kinu cha dizeli cha sokoni Koboko kilikuwa na siku tatu hakijawashwa, mafuta hakuna, lakini Zulaika alikisikia kikisaga. Kilisagia ndani ya sikio lake la kushoto. Akaliziba kwa kidole, kikasaga zaidi. Kisha sakafu ikainama kama sufuria inayomwagwa uji, naye akaanguka na mtoto mkononi.

Loku, wa miezi saba, alipata uvimbe kwenye paji la uso, basi. Lakini mama mkwe, Mariam Poni, alimwokota akamfunga mgongoni mwake mwenyewe.

"Mutu wa jini habebi mtoto," alisema. "Jini ikitoka, utampata."

"Na maziwa?"

"Nitamleta anyonye. Wewe utakaa chini, mimi nitashika."

Ikawa hivyo. Zulaika akawa ananyonyesha mwanawe huku amesimamiwa kama mfungwa.

Faki, mwalimu wa Kurani anayetibu wenye majini, akaitwa. Hakuwa mtu mbaya, tuseme ukweli. Aliandika aya kwenye ubao, akaosha wino kwa maji, akakoroga humo viganja viwili vya chumvi ya mawe, maana majini, alisema, hukimbia chumvi. Kikombe asubuhi, kikombe jioni. Zulaika alikunywa mpaka ulimi ukachanika. Angekunywa hata mafuta ya taa, mradi arudishiwe mtoto.

Jini halikukimbia. Lilinenepa.

Ijumaa mchana sikio likajaa, likavimba kwa ndani kama kibuyu kinachotiwa maji, mngurumo ukapanda ukawa sauti za watu wengi wanaonong'ona nyuma ya ukuta, na kuta zenyewe zikaanza kumzunguka, mlango ukapita, dirisha likapita, uso wa mama mkwe ukapita, mlango tena, naye yuko chini, ameng'ang'ania mkeka kwa kucha asije akaanguka kutoka ardhini, anatapika, anasikia Mariam Poni akisema polepole, kwa sauti ya chini kabisa:

"Tazama macho yake. Macho inacheza. Iko mutu ndani, anatazama huku na huku."

Mumewe Sebit, aliyechoshwa na minong'ono ya majirani, alimpandisha lori la tumbaku hadi Arua, kwa Rosa Kiden, muuguzi aliyekimbia vita vya Sudan. Rosa aliuliza maswali mpaka Zulaika akakasirika.

"Chakula changu unakitakia nini? Mimi naumwa sikio."

"Jibu tu, dada. Chumvi unakula namna gani?"

Alipoelezwa vile vikombe viwili, Rosa aliweka kalamu chini. "Ndani kabisa ya sikio iko maji kidogo. Ndiyo inakushikilia usianguke. Yako inajaa kupita kiasi, na chumvi inaongeza. Hiyo kitu mmekuwa mnailisha."

"Nikiacha, nitapona?"

"Hapana, sikudanganyi. Itapungua, halafu itarudi. Pengine siku moja sikio hilo litakufa. Lakini kabla ya kuingia inabisha hodi. Ukisikia sikio linajaa, keti. Weka mtoto chini. Shika kitu kimoja kwa macho, usitikise kichwa."

Zulaika alirudi Koboko na hasira zake, akamwaga maji ya faki nyuma ya jiko. Mariam Poni akanuna siku nne. Kisamvu bila chumvi kilikuwa na ladha ya majani ya kulishia mbuzi, Zulaika akakimeza. Wiki tatu zikapita kimya.

Siku moja, saa sita mchana, Loku akiwa ananyonya, sikio likajaa. Zulaika hakupiga kelele. Alimtoa mtoto titini, akamlaza mkekani, mkono wa mama mkwe haujafika bado. Akakaza macho kwenye msumari wa mlango. Dunia ikazunguka, ikazunguka, msumari ukimtoroka na yeye akiutafuta, jasho likimtiririka, hadi ikachoka.

Mariam Poni alinong'ona, "Ilikuja?"

"Ilikuja."

"Ulijuaje?"

"Inabisha hodi."

"Na haitoki?"

"Haitoki, mama. Sitakudanganya ili unipe mtoto. Lakini nimeijua, na mtoto hakuanguka."

Mama mkwe alimtazama Loku pale mkekani, akichezea vidole vya miguu. Kisha akafungua kitambaa cha kumbebea kiunoni mwake, akamkabidhi Zulaika.

Jioni hiyo Zulaika alimlaza mwanawe upande wa kulia, anakoweza kumsikia akipumua. Sikio la kushoto lilikuwa na mwenyewe, yule anayebisha hodi, na mwenyewe hakuwa amelala.