Tundu la Pili

Rafiki yangu fundi viatu ni mbishi kupindukia. Alipompata paka mwenye manyoya kama gome la mti, daktari wa mifugo alimwonya: "Mbegu hii ni adimu, ya msituni. Atakaa na wewe, lakini hatakuwa wako."

"Anayelala kwangu ni wangu," fundi akajibu. Akamshonea mkanda wa ngozi, akautoboa tundu moja, akamfunga shingoni.

Mchana huohuo aliingia stoo kuchukua gundi, umeme ukakatika. Gizani akasikia nyayo laini zikimzunguka, kisha bizimu ya mkanda ikafunga: kach!

"Hunitishi, ng'o!" akafoka.

Umeme ukarudi. Paka alikuwa juu ya rafu, shingo tupu, akimkodolea macho. Mkanda ulikuwa umembana fundi mkononi, umefungwa kwenye tundu ambalo yeye hakulitoboa.