Saa Iliyosukwa Mkononi

"Lete mkono," Apolot alisema.

Aidah alinyoosha mkono wa kushoto. Apolot akaupaka mafuta, akajaribu kupitisha saa yenye mkanda wa waya wa dhahabu aliousuka mwenyewe. Ikakwama kwenye kiganja.

"Si nilisema?" Nasuru alicheka peke yake. "Ifungue, uisuke upya. Harusi Jumamosi."

Ilikuwa Juni 1955, uani kwa kina Apolot, Mukuju, Uganda. Nasuru, fundi saa wa Tororo, alikuwa hajakanyaga hapo kwa miezi mitatu. Leo alikuja na Aidah, bibi harusi wake kutoka Busia.

"Kwa nini hainiingii?" Aidah aliuliza.

"Waya huu unazungushwa juu ya mkono wenyewe, dada, kama bangili za shaba za mama yangu. Ukishakazwa, unamtosha aliyezungushiwa tu."

"Alizungushiwa nani?"

"Ilikuwa kujaribu tu," Nasuru alisema.

Aidah alichukua saa, akaivisha mkono wa Apolot. Ikapita. Ikakaa bila kucheza.

"Alikwambia ni ya nani?"

Apolot aliingia ndani, akatoka na barua ya Nasuru. Aidah akasoma kwa sauti:

"Izungushe juu ya mkono wako, Apolot. Ni saa yako ya harusi. Baada ya mfungo nakuja kuonana na mzee."

"Hiyo ya zamani," Nasuru alisema.

"Ina tarehe. Machi tano. Dhahabu ulichukua kwa baba wiki hiyo hiyo, ukasema ni ya saa yangu."

"Aidah, tutaongea nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Aidah akamgeukia Apolot.

"Unaweza kuifungua?"

"Naweza."

"Fungua. Usisuke tena."

Apolot alichukua koleo. Waya ukatoka mzunguko baada ya mzunguko. Hakulia, alikuwa anaangalia usikatike. Alipomaliza, alimpa Aidah waya.

"Dhahabu ya baba yako."

Akampa Nasuru kichwa cha saa, kikiwa uchi, bado kinatembea.

"Hii yako."

"Na wewe unabaki na nini?" Aidah aliuliza.

"Kazi ninaijua."

Aidah alimshika mkono kidogo, akauachia, akatoka kwenda barabarani. Nasuru hakumfuata.

"Apolot. Duka la Nairobi limeagiza sita kama hii. Nani atazisuka?"

"Tafuta mkono mwingine."

"Tulipendana, wewe na mimi."

Apolot alifuta mafuta mkononi kwa kanga.

"Saa ngapi hapo?"

Nasuru alitazama saa kiganjani mwake.

"Nane kasoro robo."

"Jua bado lipo," Apolot alisema, akachukua jembe kwenda shambani.