Mwalimu Nusu Amina

Rwamba, jirani wa marehemu, alishikilia kwamba Jumapili asubuhi wezi walipanda kilimani wakakata waya wa ripita, ule mtambo wa chama cha redio unaopokea sauti ya mwanachama, mmoja tu kwa wakati, na kuirusha kutoka Kibugu mpaka Nkubu. Ndiyo maana, alisema, Igoki aliita msaada asisikike, na mumewe Gitari, aliyeangukiwa na mti, akavuja damu mpaka akafa.

Inspekta Karambu alipanda mwenyewe. Waya ulikuwa mzima. Kufuli halikuvunjwa. Ila ndani ya sanduku, kifaa cha kumkata anayeongea zaidi ya dakika tatu kilikuwa kimechomolewa, na ncha za nyaya zimefungwa plasta ya kidonda, vizuri kabisa.

Ufunguo ulikuwa mmoja, wa mwenyekiti, Mwalimu Kaberia wa Nkubu. Karambu alitamani uwe wa mtu mwingine. Kaberia ndiye aliyemfundisha kusoma.

Alimkuta kwenye chumba cha chama. Sheria zilikuwa ukutani, kwa mwandiko wake mwenyewe: sikiliza kwanza; achia kitufe, acha pengo, mwenye shida apate kuingia.

"Jumapili saa tatu ulikuwa hewani, Mwalimu?"

"Nilikuwa naongoza maombi."

"Dakika ngapi?"

Kaberia alitazama viatu vyake. "Kumi na moja."

"Uliacha pengo?"

"Pengo katikati ya sala, binti yangu?"

Karambu aliweka ile plasta mezani.

Ndipo mzee akaeleza, polepole. Jumapili iliyotangulia mtambo ulimkata kabla hajafika amina, na sokoni vijana wakampa jina, Mwalimu Nusu Amina. Hakuweza kuchekwa mara ya pili. Alipanda, akachomoa. Na siku ile wanachama wote walikuwa wamefumba macho, wakisikiliza sala inavyotiririka.

"Nilikuwa nawaombea wagonjwa," alisema. "Kumbe nimemziba mdomo mke wa mgonjwa."

Karambu alitoa pingu, akazirudisha mfukoni.

Kabla ya kwenda kituoni Kaberia aliomba redio. Kila mtu alijua Igoki hajaizima ile ya marehemu tangu siku hiyo. Karambu akamruhusu.

"Mama Igoki, ni Kaberia. Mimi ndiye niliyekuzuia. Nakuomba unisamehe."

Akaachia kitufe. Akaacha pengo.

Redio ilivuma. Wakangoja, wote wawili wameinamisha vichwa. Hakuna aliyeingia.