Ufunguo wa Hamidou

Gari liliwaka...

Na ufunguo uliolifanya liwake haukuwa wa gari lile. Ulikuwa wa gari la mume wangu Hamidou. Gari lililozama Ziwa Tanganyika miaka mitano iliyopita, yeye akiwa ndani!

"Zima," fundi Zabroni akaniambia. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Zima, dada Kaoutar. Shuka."

Nikashuka.

Ngojeni niwaeleze tangu mwanzo, maana mkisikia hivi mtasema nimerogwa.

Mimi ni mjane wa hapa Rumonge. Au niseme, ndivyo nilivyojijua.

Siku ile ya ajali mvua ilikuwa imekata kipande cha barabara kule Minago, pale barabara na ziwa vinapokaribia kugusana. Hamidou alikuwa garini na mdogo wake, Abdoulkarim. Aliyerudi nyumbani ni Abdoulkarim peke yake, amelowa chapachapa, mkononi kashika kiatu kimoja cha kaka yake.

"Shemeji... gari imeingia ziwani. Mimi niliruka. Yeye hakuwahi."

Ziwa letu mnalijua lilivyo na kina. Halikurudisha gari, halikurudisha mtu. Tukasoma dua bila maiti. Nikakaa eda, watoto wangu pembeni. Mama mkwe wangu, Bi Jamila, alilia na mimi mkeka mmoja mpaka sauti ikamkauka.

Tangu hapo sikula tena mukeke wala ndagala. Mji mzima unakula samaki, mimi nakula maharage na mboga ya lengalenga. Ningewezaje? Kila nikimwona samaki nawaza, huyu huko chini amekula nini...

Na usingizini Hamidou alikuja. Anasimama mlangoni, maji yanamchuruzika, haongei.

Baadaye nikapata kigari changu cha abiria, cha zamani, aina ileile ya Hamidou. Nikawa naendesha mwenyewe. Watu na madumu ya mawese, Rumonge hadi Bujumbura.

Mwaka huu vituko vikaanza.

Gari likifika Minago, linazima. Palepale! Nawasha, halishiki. Nasubiri lipoe, linawaka kama hakuna kilichotokea.

Abiria wakaanza kunong'ona.

"Huyo ni Hamidou. Anamwita muke wake."

Wengine wakawa wanashuka kabisa, wanapanda pikipiki. Nabaki peke yangu, nakodolea maji macho. Na siwafichi, wapendwa... kuna siku nilimjibu.

"Niambie basi unataka nini!" nilipiga kelele.

Nikasubiri injini ipoe, nikawasha.

Nikalipeleka gari kwa Zabroni. Huyu alikulia ukimbizini Tanzania, ufundi kajifunzia huko, na mdomo wake haupumziki. Alibadilisha chujio. Akabadilisha pampu ya dizeli. Wapi! Akachomeka mashine ya kupimia, haikusoma kitu. Mwishowe, injini ikiwa inanguruma, akaingiza mkono chini ya dashibodi akagonga kisanduku cha bati kwa mpini wa bisibisi.

Ko!

Gari likazima.

"Hakuna shetani hapa, dada!" Akacheka hadi akakaa chini. "Ni kompyuta ya injini. Hii ndiyo inaiambia injini lini imwage mafuta. Imezeeka. Ikishapata moto, inazimia. Na wewe ukifika Minago, iko tayari imepata moto."

Akaifungua. Ikatoa harufu ya kuungua, na ndani ilikuwa imeota ukijani kama shaba iliyoshika kutu.

Jamani, nilicheka mpaka machozi. Siku zote zile nilikuwa naongea na kisanduku!

Zabroni akaagiza nyingine, iliyotumika, kwa muuza vipuri wa Bujumbura. Ilipofika akaifunga, akajaribu kwa ufunguo wangu aliouchomoa kwenye kishada changu cha funguo. Injini ikazunguka, haikushika. Taa ndogo yenye picha ya ufunguo ikawa inapepesa.

"Inakataa," akasema. "Kompyuta hizi zinajua funguo zao. Kwenye kichwa cha ufunguo kuna kidude, ndicho kinachotambulika. Hii inautafuta ufunguo wa gari ilikotoka. Itabidi tumpate mtu wa kuifundisha."

"Hebu nijaribu mimi."

Nikaurudisha ufunguo kwenye kishada, nikachomeka. Kishada kile kina ufunguo mwingine, wa akiba, wa gari la Hamidou. Sikuwahi kuutoa. Mkono wangu ukaubana pale pembeni ya swichi.

Liliwaka!

Ndipo Zabroni aliponiambia nishuke. Akautoa ufunguo wa Hamidou kwenye kishada, akajaribu kwa ule wangu peke yake. Halikushika. Akausogeza tena karibu na swichi. Likawaka. Akarudia. Vilevile.

"Huu ni wa gari gani?"

"La marehemu. Lililozama."

Zabroni akainama, akaikagua tena kompyuta ile.

"Dada... kompyuta iliyokaa chini ya maji haiwashi gari. Na hii ni kavu. Haina hata kutu."

Akampigia muuza vipuri. Alipokata simu hakunitazama.

"Imetoka Uvira. Wamekata gari zima vipande, juzijuzi tu."

Uvira! Ng'ambo ya ziwa, Kongo!

Sikumbuki nilifikaje kwa Bi Jamila. Nilimkuta barazani anapeta mchele.

"Mama. Gari la Hamidou halikuzama."

Ungo ukasimama mkononi. Hakushangaa. Hakuuliza nasema nini. Aliuliza...

"Nani amekuambia?"

Nikamsogelea.

"Yuko Uvira?"

"Alipata mwanamke kule," akasema akitazama mchele. "Wazee wa mwanamke walikataa kumwoza kwa mtu mwenye muke. Abdoulkarim alijilowesha tu ziwani..."

"Si angeniacha! Talaka ni neno moja, mama!"

"Alisema ukiachwa utakufa. Ukifiwa, watu watakushika mkono."

"Na wewe ukalia na mimi mkeka mmoja!"

"Ni mutoto wangu, Kaoutar."

"Nipeleke. Sasa hivi! Nataka anitazame machoni."

"Hutamkuta."

"Kahamia wapi?"

Akaweka ungo chini.

"Amekufa. Kweli. Siku ya Idi iliyopita. Ilikuwa ugonjwa wa ini. Ndiyo maana gari wameiuza vipande."

Idi...

Siku ya Idi watu walikuwa kwangu. Kwa mara ya kwanza tangu msiba nilivaa nguo mpya, nikapika pilau, nikacheza na watoto wangu uani. Bi Jamila alikaa kwenye kona, sahani haijaguswa, simu mapajani. Nikamtania, "Mama, leo hata wewe cheka!"

Naye akacheka.

Kumbe habari ilikuwa imeshamfikia.

"Ningelia vipi?" akaniambia. "Nilishamlilia mbele ya mji mzima. Alipokufa kweli, sikuwa tena na ruhusa ya kulia."

Na hapo, ndugu zangu, yule mama akapasuka. Kilio kile sijapata kukisikia. Kile cha miaka mitano iliyopita kilikuwa mchezo tu. Nilikuja nimejiandaa kumtukana. Nikaketi chini, nikamshika, nikalia naye.

Jirani Agata akaja mbio, kitenge hajakifunga vizuri.

"Mungu wangu! Nani amefariki?"

"Mume wangu," nikasema.

"Hamidou? Si alizama zamani?"

"Amefariki leo."

Agata alitutazama mmoja baada ya mwingine. Akajitanda kitenge kichwani, akakaa nasi chini.

Wewe unayesoma hapa, ukitaka kumwacha mtu, mwache kwa mdomo wako mwenyewe. Atalia, atakulaani, halafu ipo siku atanyanyuka. Mimi nilimlilia mtu akiwa hai, na siku aliyokufa kweli nilikuwa nacheza uani. Sijui nani atanirudishia siku hiyo.